Jinsi ya kupendekeza tamthilia mpya mpaka mtu aiwashe

"Jamani, kuna sizoni moja ni moto wa kuotea mbali, iangalieni!" Ujumbe wa namna hii hutumwa kila wikiendi kwenye makundi ya WhatsApp, hupata dole gumba mbili tatu, na safari yake huishia hapo. Hakuna anayeiwasha. Si kwamba watu hawakuamini. Ujumbe haukuwaambia tamthilia yenyewe inapatikana wapi, ni ndefu kiasi gani, itakula bando kiasi gani, inazungumza lugha gani, wala kama inatazamika baba mkwe akiwa sebuleni. Mtu mwenye maswali matano yasiyo na majibu hurudi kwenye kile alichokizoea.

Lakini kosa kubwa kuliko hayo yote ni hili: anayependekeza huongea akiwa ameshafika sehemu ya nane, na anayeambiwa atakutana na sehemu ya kwanza. Wewe umeshamzoea stelingi, unamjua adui, unajua kwa nini yule dada wa mapokezi ananyamaza akiulizwa kuhusu marehemu. Mwenzako ataona watu asiowajua wakigombana kwa jambo asilolijua. Kwa hiyo usihangaike kuinadi tamthilia nzima. Kazi yako ni kumfikisha mtu mwisho wa saa ya kwanza; baada ya hapo tamthilia itajisemea yenyewe, au itashindwa yenyewe.

Kabla hujasema neno

Tazama kiasi cha kutosha kwanza. Tamthilia fupi ya sehemu 4 hadi 8 imalize yote, kwa sababu hizi huharibikia mwishoni, na aliyeambiwa na wewe atakuja kukudai saa zake. Yenye sehemu 10 au zaidi kwa msimu, fika angalau nusu ya msimu. Inayotoka mara moja kwa wiki, subiri sehemu 3. Sababu ya tatu na si moja ni kwamba sehemu ya kwanza mara nyingi hutengenezwa kwa uangalifu wa pekee. Nchini Marekani, kwa miaka mingi sehemu hiyo imekuwa ikirekodiwa kando, kabla ya nyingine zote, ili kuushawishi uongozi wa televisheni uinunue tamthilia. Fedha na akili za watu huishia humo. Sura halisi ya tamthilia huonekana kwenye sehemu ya pili na ya tatu, pale waandishi wanapolazimika kuendesha hadithi bila zile fataki za ufunguzi.

Kisha rudi ukatazame tena dakika 15 za mwanzo, ukijifanya hujui kitu. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Uwe na karatasi au simu, uandike mambo matatu: dakika uliyonaswa, jambo lililokuchosha au kukuchanganya, na jambo ambalo mtu mwingine angeweza kulionea aibu au kuumizwa nalo.

Dakika ya kunaswa ina uzito. Ikiwa iko ndani ya sehemu ya kwanza, unaweza kumpendekezea karibu mtu yeyote. Ikiwa iko sehemu ya tatu, wapendekezee wavumilivu peke yao, na useme wazi. Kuna tamthilia zinazonasa mapema halafu zinalegea, nazo zinahitaji onyo la aina nyingine. Squid Game ya Korea Kusini, iliyotoka Septemba 2021 ikiwa na sehemu 9, ni mfano mzuri: mchezo wa kwanza umo ndani ya sehemu ya kwanza na hakuna anayesinzia, lakini sehemu ya 2 haina mchezo hata mmoja. Mtu aliyeambiwa "ni michezo ya kifo mwanzo mwisho" akifika hapo hudhani amedanganywa, anazima. Aliyeambiwa "sehemu ya 2 inatulia makusudi, ipitie" huvuka bila shida. Maneno sita tu.

Sentensi moja inayobeba mzigo

Tunga sentensi yenye vitu vitatu: nani, amepatwa na nini, wapi. Isizidi maneno 25. Usitie sifa. "Kali", "tamu", "utalia", "hutaamini" ni habari za moyo wako, hazimwambii mtu kitu kuhusu hadithi, tena kila anayependekeza huzitumia, kwa hiyo zimechuja kama majani ya chai ya jana.

Mfano. Country Queen ya Kenya, sehemu 6, Netflix, 2022: "Akisa, anayeandaa shughuli za watu Nairobi, anarudi kijijini kwao baada ya miaka 10 na kukuta kampuni ya madini inaitaka ardhi yao." Hapo hakuna sifa hata moja, lakini yeyote mwenye kwao kijijini ameshaelewa ugomvi utakuwa wapi. Ukiongeza kwamba watu wanasema Kiswahili, Kiingereza na Kikamba kama wanavyosema kweli mtaani, umemaliza.

Tafuta ndani ya hadithi kile kitu ambacho msikilizaji anacho nyumbani kwake. Tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, iliyotiwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa TBC mwaka 2011, ilipendwa Tanzania kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. Mtazamaji wa Tandale hakuhitaji kuijua Beijing. Alihitaji kumjua mama mkwe, na huyo anajulikana kila mahali. Ungekuwa unaipendekeza siku zile, ungeanza na mama mkwe, China ungeiweka mwisho au usingeitaja kabisa.

Kufananisha kuna hatari yake. "Ni kama ile ya Waturuki ya mwaka jana" humfanya mtu asubiri yote aliyoyapenda kule: wivu, jumba la kifahari, yule kijana mwenye ndevu. Asipoyaona analaumu. Ukitaka kufananisha, taja kitu kimoja na useme ni kipi: "Ugomvi wa urithi ni kama wa ile, lakini mapenzi humu ni kidogo."

Na usiseme uongo kuhusu aina ya hadithi. Hapa Adolescence inafaa kutazamwa kwa karibu. Ni tamthilia ya Uingereza ya sehemu 4, iliingia Netflix Machi 2025. Alfajiri, polisi wenye silaha wanavunja mlango wa nyumba ya kawaida na kumkamata kijana wa miaka 13, kwa tuhuma za kumuua mwanafunzi mwenzake. Ukisikia hivyo unafikiri ni hadithi ya upelelezi, na wengi huipendekeza hivyo: "Tafuta muuaji." Matokeo yake mtu anafika sehemu ya 2 akisubiri vidokezo vya kumfichua muuaji, na haoni. Anachoka. Pendekezo sahihi ni hili: "Usiitazame kama ya upelelezi. Ni ya kuwaangalia wazazi, walimu na polisi wakijaribu kumwelewa mtoto huyu." Hujafichua siri yoyote, umemkalisha tu mtu kwenye kiti sahihi.

Adolescence ina jambo jingine la kumwambia mtu mapema: kila sehemu imepigwa kwa kamera isiyokatwa toka mwanzo hadi mwisho. Usimwambie kama sifa ya ufundi, wengi hilo haliwahusu. Mwambie kama maelekezo ya matumizi: "Usiitazame huku unapika. Ukiisimamisha mara tatu imeharibika." Tuzo nazo ziweke mwisho kabisa. Owen Cooper, aliyecheza kijana huyo, alipata Emmy mwaka 2025 akiwa na miaka 15, na ni habari nzuri ya kuzungumza baada ya kutazama. Kabla ya hapo haimfanyi mtu ashike rimoti.

Hesabu ya bando na muda

Kwetu, mapendekezo mengi hufia hapa, na anayependekeza hajui kwa sababu yeye alitazama kwa Wi-Fi ya ofisini.

Netflix yenyewe inatoa makadirio haya. Kwenye simu, ukibaki na mpangilio wa kawaida, GB 1 hutosha kama saa 4. Ukichagua kuokoa data, GB 1 hufika kama saa 6. Ukichagua ubora wa juu kabisa, GB 1 inaweza kwisha kwa dakika 20. Kwenye televisheni au kompyuta, ubora wa chini hula mpaka GB 0.3 kwa saa, wa kati mpaka 0.7, HD mpaka 3, na ile ya 4K mpaka 7.

Sasa chukua tamthilia ya sehemu 4 za karibu saa moja moja, jumla tuseme saa 4. Kwa kuokoa data ni chini ya MB 700. Kwa mpangilio wa kawaida ni GB 1. Kwa ubora wa juu ni GB 12. Hadithi ni ileile, waigizaji walewale, lakini mmoja ametumia bando la siku mbili na mwingine la mwezi. Ukimwambia mtu "itazame" bila kumwambia abadilishe mpangilio huo kwanza, bando likikata katikati ya sehemu ya pili atakukumbuka wewe, kampuni ya simu hataikumbuka.

Njia ya uhakika zaidi ni kupakua. Mwambie apakue sehemu ya kwanza peke yake akiwa penye Wi-Fi, ubora wa kawaida. Asipakue msimu mzima: simu itajaa, na baadhi ya zilizopakuliwa huisha muda wake saa 48 baada ya kubonyeza kucheza kwa mara ya kwanza. Mtu akianza zote kwa pupa Ijumaa, Jumapili anakuta zimefungwa.

Usipendekeze kwa taarifa za zamani. Netflix ilikuwa na huduma ya bure kwa simu za Android nchini Kenya kuanzia Septemba 2021, ikaifunga Novemba 2023. Watu waliendelea kuambiana "iko bure, pakua tu" wakati mlango umeshafungwa. Kabla ya kutuma, fungua programu siku hiyohiyo uhakikishe tamthilia ipo. Kwa ving'amuzi ni vilevile: angalia chaneli iko kwenye kifurushi gani, maana kumwambia mtu wa kifurushi cha chini atazame chaneli ya kifurushi cha juu ni kumpa maumivu ya bure.

Mipaka ya nchi nayo ina yake. Orodha ya tamthilia hutofautiana nchi kwa nchi kwa sababu haki za kuonyesha huuzwa kwa nchi. Kiungo unachokitumia Mombasa kinaweza kumfungukia ndugu yako Muscat ukurasa mtupu. Mwombe kwanza aandike jina kwenye sehemu ya kutafuta ya programu yake. Na jina liwe kamili, pamoja na mwaka na nchi: The Office ipo ya Uingereza ya 2001 na ipo ya Marekani ya 2005, na mtu akianza na isiyokusudiwa mtabishana wiki nzima kuhusu wahusika msiowashiriki.

Kuhusu saa, Waswahili tuna mtego wa kujitengenezea. Matangazo ya ving'amuzi husema "20:00", wewe unasema saa 2 usiku, na kuna msomaji atakayeelewa saa nane. Andika "saa 2 usiku" kwa maneno. Halafu angalia kama tangazo limeandikwa CAT, yaani saa za Afrika ya Kati, ambazo ziko nyuma ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kwa saa moja. 20:00 CAT ni saa 3 usiku kwetu. Kipindi cha saa 2 usiku Dar es Salaam, kama kinarushwa moja kwa moja, kitamkuta shangazi wa Bujumbura, Kigali au Lubumbashi saa 1 jioni, na kaka wa Muscat saa 3 usiku.

Mjue unayemwambia

Usimuulize mtu "unapenda tamthilia za aina gani?" Atakujibu jibu la heshima: za kuelimisha, za kihistoria. Muulize: "Ya mwisho uliyoimaliza ni ipi? Na ipi uliiacha katikati?" Aliyoimaliza inakwambia anachopenda kweli. Aliyoiacha inakwambia zaidi. Kama aliacha kwa sababu "watu wengi mno, sikuwajua", usimpelekee hadithi ya koo tatu zinazogombea kiti cha enzi. Kama aliacha kwa sababu "ilikuwa haiishi", mpe ya sehemu 4 hadi 8 na useme idadi hiyo kwenye mstari wa kwanza.

Lugha ni suala la kasi ya kusoma kuliko elimu. Mtu anaweza kukijua Kiingereza vizuri na bado asiweze kufuata lahaja ya kaskazini mwa Uingereza bila maandishi ya chini. Na mwenye macho mazito, au anayetazama huku anasuka ukili au kuchambua mchele, hawezi kusoma maandishi kabisa. Huyo anahitaji iliyotiwa sauti za Kiswahili. Ndiyo maana tamthilia za Kituruki, Kihindi, Kikorea na Kifilipino zilizoingizwa Kiswahili zimeshika sebule nyingi ambazo sizoni za Kimarekani hazijawahi kuingia. Umbali kati ya kochi na televisheni nao ni kitu: maandishi yanayosomeka simuni hayasomeki mita nne kwenye televisheni ya inchi 24.

Halafu uliza anatazama na nani. Tamthilia ileile inaweza kuwa starehe kwa mtu aliye peke yake na msiba kwa aliyekaa na mama mkwe. Onyo la jumla kama "kuna mambo ya wakubwa" halimsaidii, kwa sababu hajui yatakuja lini, na atakaa saa nzima mkono uko kwenye rimoti. Mpe mahali: "Sehemu ya 2, kama dakika ya 30, kitandani, dakika moja hivi." Hapo anaweza kwenda kuangalia chai jikoni kwa wakati wake. Kenya, Bodi ya Uainishaji wa Filamu hutumia alama GE kwa wote, PG kwa watoto wakiwa na mzazi, 16 na 18, na vituo vya televisheni vinatakiwa kurusha vya GE tu kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku. Alama hizo ni mwanzo mzuri. Ila hazikwambii kama ya 16 ni kwa damu, kwa matusi au kwa mahaba, na kila nyumba ina kile inachokivumilia. Kuna sebule watu wanauana kwa mapanga bila mtu kuinua uso, lakini busu likitokea kila mtu anatafuta simu yake.

Maumivu yanastahili uangalifu huohuo. Kifo cha mtoto, ugonjwa wa muda mrefu, kuharibika kwa mimba: kama mtu amepitia jambo hilo karibuni, mwambie kabla, hata kama utafichua kidogo. Hapa siri ya hadithi haina thamani kuliko mtu.

Ujumbe wenyewe

Tuma kwa mtu mmoja, kwa jina lake au kwa cheo chake kwako. Ujumbe wa kundi la watu 80 huwa hauna mwenyewe.

Kwa wifi, mwenye Netflix ya simu:

"Wifi, za tangu juzi? Kuna tamthilia fupi ya Uingereza iko Netflix, Adolescence ya 2025. Polisi wanavunja mlango alfajiri, wanamkamata kijana wa miaka 13, wanasema ameua mwanafunzi mwenzake. Si ya upelelezi sana, ni ya familia na shule. Sehemu 4 tu, kila moja kama saa 1. Weka kuokoa data, zote hazifiki GB 1. Kiingereza chao kizito, washa maandishi. Mapenzi ya kuonyesha hakuna, ila matusi yapo na mazungumzo mazito, watoto wakalale kwanza. Jaribu sehemu ya 1 Jumamosi. Isipokushika achana nayo, sikudai."

Kwa mama mdogo, mwenye king'amuzi na asiyependa kuandika:

"Shikamoo mama mdogo. Jumatatu saa 2 usiku inaanza tamthilia mpya ya Kituruki, chaneli ileile uliyokuwa unatazama ya Kihindi. Imetiwa Kiswahili. Msichana anaolewa na ndugu wa mtu aliyemdhulumu baba yake, naye hajui. Inakwenda Jumatatu mpaka Ijumaa, nusu saa. Nitakupigia saa 2 kasorobo nikukumbushe."

Angalia vinavyofanana. Jina, au angalau chaneli na saa, viko mwanzoni, kwa sababu ndivyo mtu anavyovirudia kuvitafuta siku tatu baadaye. Muda umetajwa. Kinachoombwa ni kidogo: kwa wifi ni sehemu ya kwanza tu, siku moja iliyotajwa. Na kwake mlango wa kutokea uko wazi. Mstari wa "achana nayo" watu huuogopa, wanaona unadhoofisha pendekezo, lakini kazi yake ni kinyume: mtu hapendi kuanza kitu ambacho akikiacha atatakiwa kujieleza.

Ukituma sauti, isizidi sekunde 40, na jina la tamthilia liandikwe pembeni. Hakuna anayeisikiliza tena sauti ya dakika tatu ili kukumbuka jina. Trela itazame mwenyewe kabla ya kuituma, maana trela nyingi hufungua siri za nusu ya msimu. Usijaribu kurekodi skrini ya programu ili utume kipande: programu za kulipia huzuia hilo, utaambulia picha nyeusi. Na usitume viungo vya Telegram au tovuti za kuiba. Ukiacha haki ya waliotengeneza, ambao wengine ni majirani zetu, viungo hivyo hujaa matangazo ya kuingiza virusi, na simu ikiharibika aliyetuma ni wewe.

Siku ya kutuma ni Alhamisi jioni au Ijumaa mchana, mtu anapopanga wikiendi. Jumatatu asubuhi ujumbe wako utazikwa chini ya mambo ya kazi. Kama ni kundi la familia linalotaka kutazama pamoja, tumia kura ya WhatsApp na uweke tamthilia 2 au 3, basi. Programu inakubali mpaka machaguo 12, lakini ukiweka 12 kila moja itapata kura moja na mtatazama taarifa ya habari.

Usimwage mtama

Unaruhusiwa kusema chochote kinachotokea ndani ya dakika 20 za mwanzo. Zaidi ya hapo nyamaza, hata kwa mafumbo. "Subiri uone mwisho, hutaamini" ni kufichua vilevile: mtu ataanza kumshuku kila mhusika mwema, na stelingi akinusurika sehemu ya 3 hatashtuka. "Usimzoee sana yule kaka" ni mbaya zaidi.

Kwa inayotoka kila wiki, kundi lenu liwe na muda wa ukimya. Saa 48 baada ya sehemu kutoka zinatosha kwa watu wa kazi. Telegram ina namna ya kufunika maneno mpaka mtu ayabonyeze. WhatsApp ujanja uliozoeleka ni kuandika onyo juu, kushuka mistari mingi mitupu, kisha kuandika siri chini, ili iwe nyuma ya "soma zaidi". Ujanja huu una tundu: mwenzako akikujibu kwa kunukuu, au akiandika tu "sikutegemea angekufa!", siri iko nje kwa kila mtu.

Zile za kila siku

Tamthilia ndefu za jioni, zinazokwenda siku tano kwa wiki na kufikisha mamia ya sehemu, hazipendekezwi kwa kanuni ya saa ya kwanza. Hakuna atakayerudi sehemu ya 1. Huyu mtazamaji mpya anahitaji ukoo, si hadithi: nani mke wa nani, nani anamchukia nani, na siri moja ambayo watazamaji wanaijua na wahusika hawaijui. Majina 5 au 6, yasizidi. Muanzishe Jumatatu, kwa sababu Ijumaa huwa imeishia pabaya na Jumatatu hurudia ugomvi huo kwa maelezo. Wiki ya kwanza kaa karibu na simu, maswali yatakuja: "Huyu mwenye koti jekundu ni yupi tena?" Jibu kwa mstari mmoja, usianze kusimulia ya mwaka juzi.

Baada ya kutuma

Ulizia mara moja tu, siku moja au mbili baada ya siku uliyoitaja. Ukiuliza mara ya pili limekuwa deni, na mtu atakwambia "nimeiona, nzuri" ili apumue.

Kama aliianza akaiacha, usimwambie "vumilia, inanoga sehemu ya tano." Muulize aliishia dakika ya ngapi, bila kumsuta. Akiwa aliachia dakika ya 5, tamthilia haina kosa: bando, mtoto kuamka, maandishi hayasomeki, au alifungua isiyo yenyewe. Rekebisha hilo umwache ajaribu tena akitaka. Akiwa aliachia dakika ya 25 au 30, hadithi haikumshika, na usirudi tena na ya aina hiyo. Akiwa alimaliza sehemu ya kwanza, akaanza ya pili na kusahau kuendelea, huyo aliipenda ila hana muda. Mpe inayofuata yenye sehemu za dakika 25 au 30. Andika jibu lake pembeni ya jina lake kwenye simu, maana mwezi ujao utataka kumwambia nyingine na utakuwa umesahau.